Barua bila bahasha: nani asomaye tuandikayo?

Mnamo Desemba 2024, wakuu wa usalama wa Marekani waliwapa raia wao nasaha ambayo wengi hawakutarajia kuisikia kutoka vinywani mwao. Waliwahimiza kutumia mawasiliano yaliyosimbwa, yaani yale ambayo ujumbe hugeuzwa fumbo kabla ya kumwondokea mwandishi, na haufumbuliwi hadi umfikie mwandikiwa. Sababu yenyewe ilikuwa nzito. Wadukuzi ambao Marekani inawahusisha na serikali ya Uchina, tuhuma ambazo Uchina imezikana, walikuwa wamejipenyeza katika makampuni makubwa ya simu ya nchi hiyo. Miongoni mwa walivyonakili, kama ilivyokiri taarifa rasmi ya mwezi uliotangulia, ni habari zilizohusu maombi ya polisi yaliyoidhinishwa na mahakama. Mlango uliotengwa kwa ajili ya askari ulikuwa umeingiwa na mwizi.

Kinaya cha jambo hili hakikosi kumgusa mwenye kumbukumbu. Kwa takriban miaka 30, idara ya FBI ilikuwa katika mstari wa mbele kulalamika kwamba usimbaji unawafunga polisi macho. Sasa idara hiyo hiyo ilisimama bega kwa bega na walinzi wa mitandao kumwambia mwananchi wa kawaida: funga barua yako.

Huenda msomaji akauliza, haya yanatuhusu nini sisi walimu na wanafunzi wa Kenya? Yanatuhusu mno. Katika muda wa kizazi kimoja tumeihamisha karibu shughuli yetu yote ya maandishi kutoka kwenye bahasha na kuitia katika barua pepe. Rasimu ya mtihani husafiri kwa barua pepe kutoka kwa mtungaji hadi kwa mhakiki. Alama hufuata njia hiyo hiyo. Mzazi humweleza mwalimu mkuu maradhi ya mwanawe humo. Mwanafunzi wa kike aliyedhulumiwa na mhadhiri wake, akikosa ujasiri wa kusimama mbele ya kamati, huandika barua pepe usiku wa manane na kuituma kwa mshauri anayemwamini. Kila mmoja wa hawa hudhani kwamba anaandika barua. Ukweli ni kwamba, aghalabu, anaandika postikadi.

Tusimulie kwa ufupi jinsi barua hiyo inavyosafiri. Mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya tarakilishi mbili za mtandao mnamo 1971, na utaratibu unaotumika hadi leo wa kuzipokezana barua ukawekwa mwaka wa 1982. Watumiaji wa wakati huo walikuwa wachache, wengi wao watafiti wa vyuo na maabara waliofahamiana. Hawakuona haja ya lakiri. Barua iliandikwa kwa maandishi ya wazi, ikapitia kwenye mashine moja hadi nyingine, na kila mashine njiani ingeweza kuisoma na kubaki na nakala yake, kama vile tarishi awezavyo kuisoma kadi isiyo na bahasha bila ya kuichana. Mtandao ulipopanuka ukawakumba walimwengu wote, desturi hiyo ya watu wachache waliojuana iliachwa jinsi ilivyokuwa.

Ni haki kukiri kwamba hali imetengenea kiasi. Mnamo 2013, Edward Snowden alifichua jinsi mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza yalivyokuwa yakizoa mawasiliano ya watu kwa mafungu. Ufichuzi huo uliyashtua makampuni. Mwezi wa Machi 2014, Google ilianza kulazimisha kila mtumiaji wa Gmail aingie kupitia njia iliyosimbwa, na leo barua nyingi zinazopita kati ya makampuni makubwa husimbwa zikiwa njiani. Hii ni sawa na posta kuitia kadi yako ndani ya mfuko uliofungwa kwa muda wa safari. Anayevizia barabarani haoni kitu. Hata hivyo, mfuko hufunguliwa kila ufikapo kituoni, na karani wa kituo huiona kadi jinsi ulivyoiandika.

Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kata yetu ni kampuni inayotuwekea barua. Kwa miaka mingi, mitambo ya Google ilikuwa ikizipitia barua za wateja wa Gmail ili kuwachagulia matangazo ya biashara, na ni mwaka wa 2017 tu ambapo kampuni hiyo ilitangaza kuwa itaacha. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu ufunguo ulikuwa mikononi mwake, na ungali mikononi mwake kwa barua za kawaida. Hata pale ambapo kampuni haina nia mbaya, ghala lake ni kishawishi kwa wezi. Kampuni ya Yahoo iliingiliwa mnamo 2013, na miaka minne baadaye ikakiri kuwa akaunti zake zote za wakati huo, takriban bilioni 3, zilikuwa zimeguswa.

Hapa ndipo tunapokutana na usimbaji wa aina ya pili, nao ndio kiini cha makala haya. Huu si mfuko wa posta. Ni bahasha inayofungwa na mwandishi mwenyewe na kufunguliwa na mwandikiwa peke yake. Zamani, tatizo lake lilikuwa moja: ili wawili waandikiane kwa fumbo, ilibidi kwanza wakutane na kukubaliana juu ya ufunguo. Je, ufunguo huo ungepelekwaje kwa mtu aliye mbali bila kuibwa njiani? Mnamo 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba jambo hilo lawezekana, na mwaka uliofuata wataalamu watatu wa taasisi ya MIT, Rivest, Shamir na Adleman, wakavumbua njia iliyokuja kuenea sana. Baadaye ilifahamika kuwa Mwingereza Clifford Cocks alikuwa ameivumbua njia kama hiyo tangu 1973, ila mwajiri wake, shirika la ujasusi, aliificha hadi 1997.

Dhana yenyewe haimshindi mwanafunzi wa sekondari. Chukulia kwamba ninatengeneza kufuli elfu moja zinazofanana, na zote zinafunguliwa na ufunguo mmoja tu, ulio mfukoni mwangu. Kufuli hizo ninazigawa zikiwa wazi kwa yeyote azitakaye. Ukitaka kuniandikia, unaitia barua yako katika sanduku, unalibana kwa mojawapo ya kufuli zangu, kisha unalituma. Tangu hapo hata wewe mwenyewe huwezi kulifungua. Anayelibeba hawezi, anayeliweka ghalani hawezi. Kufuli ni ya umma, ufunguo ni wa mtu. Kinachofanya kazi ya chuma hapa ni hesabu za namba kubwa mno ambazo ni rahisi kuzizidisha na vigumu ajabu kuzirudisha katika vigawo vyake.

Tusidhani kuwa mvutano juu ya bahasha ulizaliwa na tarakilishi. Mnamo 1844, mwanaharakati wa Kiitalia Giuseppe Mazzini, aliyekuwa uhamishoni London, alishuku kwamba barua zake zinafunguliwa posta. Alitumia maarifa mepesi: ndani ya bahasha alitia mbegu ndogo, unywele, na chembe za mchanga. Bahasha zilipofika zikiwa zimefungwa vizuri lakini hazina vitu hivyo, jambo likawa wazi. Mbunge Thomas Duncombe aliwasilisha malalamiko hayo Bungeni, na ikabainika kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir James Graham, alikuwa ametoa kibali barua hizo zisomwe. Uingereza nzima ilipigwa na butwaa. Ilikuwa miaka minne tu tangu stempu ya peni moja ilipomwezesha mtu wa kawaida kuandika barua, na watu waliichukulia bahasha kuwa ahadi. Fedheha hiyo ilisababisha kufungwa kwa ofisi ya siri iliyokuwa ikizifungua barua za kigeni. Waliomtetea Mazzini si wote waliozipenda siasa zake. Walitambua kuwa mkono uliofungua barua yake waweza kuifungua ya kila mmoja wao.

Miaka 147 baadaye, mwaka wa 1991, Mmarekani Phil Zimmermann aliandika programu iitwayo PGP na kuitoa bure, ili mtu yeyote mwenye tarakilishi aweze kuifunga barua pepe yake. Wakati huo sheria za Marekani ziliuweka usimbaji madhubuti katika kundi moja na silaha. Programu ilipovuka mipaka, Zimmermann alichunguzwa kama mhalifu kwa takriban miaka mitatu, hadi uchunguzi huo ulipotupwa Januari 1996. Kisa chake kina jambo la kumfurahisha mwanaisimu. Mnamo 1995, kitengo cha uchapishaji cha MIT kiliyachapa maandishi ya programu hiyo kama kitabu, maadamu serikali ingeona haya kukizuia kitabu mpakani. Mwaka uliofuata, katika kesi ya mwanahisabati Daniel Bernstein, jaji wa mahakama ya serikali kuu huko California aliamua kuwa maandishi ya programu ni usemi, na usemi hulindwa na katiba. Kusimba, kumbe, ni namna moja ya kusema.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imependekeza njia ya kati. Mnamo 1993 ilitaka simu zitiwe kifaa kiitwacho Clipper, kitakachosimba mazungumzo huku nakala za funguo zikihifadhiwa na idara mbili za serikali. Mwaka uliofuata, mtafiti Matt Blaze alionyesha kasoro iliyowezesha mtumiaji kuukwepa utaratibu huo wa funguo za akiba, na baada ya muda mpango ukafa. Wazo lenyewe halikufa. Hufufuka kila miaka michache likiwa limevalia kanzu mpya: ugaidi, magendo, ulinzi wa watoto.

Sharti tuijibu hoja hii kwa insafu, kwani si hoja ya kipuuzi. Wapo wahalifu wanaojificha nyuma ya usimbaji, na mzazi ambaye mwanawe amewindwa mtandaoni ana haki ya kuuliza kwa nini polisi wasisome barua za mwindaji. Lakini swali la kweli si kama polisi wema wapewe ufunguo. Swali ni kama yawezekana kuukata ufunguo wa ziada usioweza kuangukia mikono mingine. Historia inajibu kuwa haiwezekani. Kati ya 2004 na 2005, huko Ugiriki, watu wasiojulikana waliingia katika mitambo ya kampuni ya Vodafone, wakautumia mfumo uliokusudiwa usikilizaji halali kudukiza simu zipatazo 100, ikiwamo ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis mwenyewe. Miaka 20 baadaye ndipo yakatokea yale ya Marekani tuliyoanza nayo. Isitoshe, ufunguo mmoja haumfungui mshukiwa mmoja. Mnamo 2013, mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ndogo ya barua pepe, Lavabit, iutoe ufunguo wake kwa sababu ya mteja mmoja. Ufunguo huo ungefungua mawasiliano ya wateja zaidi ya 400,000. Mwenye kampuni, Ladar Levison, alipolazimishwa kuutoa, aliamua kuifunga biashara yake kuliko kuendelea kuwahadaa wateja.

Wala usimbaji hauwaachi polisi mikono mitupu. Bahasha iliyofungwa bado ina anwani juu yake. Nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi: hayo yote hubaki wazi. Simu ya mshukiwa yaweza kutwaliwa kwa kibali cha mahakama. Mwandikiwa aweza kutoa ushahidi. Kinachozuiwa na usimbaji ni uchunguzi wa jumla, ule wa kuzisoma barua za watu wote ili kumpata mmoja.

Hapa niruhusiwe kuingia katika taaluma yangu, kwani naamini kuwa sehemu ya mkanganyiko wetu ni ya msamiati. Katika mjadala huu tumezoea kulitumia neno siri, na siri katika masikio ya wengi hubeba harufu ya hila. Ndiyo maana mtu husema kwa kujiamini, “Mimi sina siri, wanaotaka na wasome.” Lakini kinachozungumziwa si siri, ni faragha. Siri ni jambo ambalo sitaki lijulikane. Faragha ni nafasi ambamo mimi ndiye ninayeamua nani aingie. Mtu anapofunga mlango wa bafu haifichi siri yoyote, kwa maana kila mtu anajua kinachofanyika humo. Anaistahi faragha yake. Barua ya mwanafunzi kwa mshauri, matokeo ya daktari, mashauri ya mke na mume juu ya karo: haya si siri za uhaini, ni mambo ya faragha.

Wanaodai kuwa faragha ni kasumba ya Kizungu wanajisahaulisha adabu waliyolelewa nayo. Neno la kwanza alifunzwalo mtoto afikapo kwenye mlango wa jirani ni hodi. Hata ndugu wa damu hupiga hodi, akangoja karibu. Asipojibiwa mara ya tatu, hugeuka akaenda zake. Hodi si dalili kwamba ndani ya nyumba mna wizi. Ni kukiri kwamba nyumba ina mwenyewe. Usimbaji wa barua pepe ni hodi iliyotiwa katika hesabu.

Sheria yetu inalijua hilo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinataja waziwazi faragha ya mawasiliano yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inautaja usimbaji miongoni mwa hatua za kuzilinda habari za watu, na inamtaka mwenye kuzihifadhi aripoti uvujaji kwa Kamishna ndani ya saa 72. Haya si maandishi ya kupamba rafu. Mnamo Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha ni shilingi milioni nne na nusu, je, orodha ya wanafunzi wenye maradhi iliyotumwa kwa anwani isiyostahiki itakuwa kiasi gani?

Hata hivyo, sheria huadhibu baada ya maji kumwagika. Bahasha huzuia yasimwagike. Kwa nini basi tusizitumie? Lawama nyingi ni za watengenezaji. Mnamo 1999, watafiti Alma Whitten na Doug Tygar waliwapa watu 12 programu ya PGP na dakika 90, wakiwataka waisimbe na kuitia sahihi barua moja. Ni thuluthi yao tu waliofaulu. Barua pepe ikabaki uchi kwa sababu vazi lake lilikuwa gumu kulivaa. Linganisha na WhatsApp, ambayo ilipokamilisha usimbaji wake mnamo Aprili 2016, watu zaidi ya bilioni moja waliamka wakiwa na bahasha bila hata ya kujua. Matokeo yake ni kioja: utani wetu wa jioni umo ndani ya bahasha, ilhali alama za mitihani, ripoti za nidhamu na malalamiko ya waliodhulumiwa yako kwenye postikadi.

Lakini bahasha leo si ngumu kama zamani. Programu ya Thunderbird, isiyolipiwa, imekuwa na uwezo wa kusimba ndani yake tangu 2020. Zipo huduma kama vile Proton Mail na Tuta ambazo husimba zenyewe barua za wateja wao kwa wao. Mwalimu ambaye hayo yote yanamlemea aweza kuifunga faili ya mtihani kwa nenosiri, akaituma kwa barua pepe, kisha akampigia simu mwenzake kumtajia nenosiri hilo. Asiliandike katika barua iyo hiyo, maana huko ni kufunga mlango na kuuacha ufunguo kitasani. Kichwa cha barua nacho kiwe cha jumla, kwa sababu katika mifumo mingi hakisimbwi. Andika “Taarifa,” usiandike jina la mwanafunzi na ugonjwa wake. Na hakuna usimbaji utakaomwokoa anayeiacha akaunti yake wazi katika saiba ya mtaani, au anayemtajia nenosiri lake kijana wa kuchapisha karatasi.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Iwapo wanaofunga barua ni wale tu wenye la kuogopa, basi kufunga barua kutageuka ushahidi. Yule binti anayeripoti dhuluma ataonekana kwa bahasha yake, kama mtu pekee aliyevaa baibui katika umati. Bali sote tukizifunga zetu, hata za kuulizia ratiba ya vipindi, bahasha yake itapotea miongoni mwa maelfu. Anayefunga barua isiyo na jambo anamsitiri mwenziwe mwenye jambo.

Umilisi wa kidijitali ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi katika mtaala wetu mpya. Na uwe zaidi ya kubofya na kufungua. Tulimfundisha mwanafunzi wa jana kuandika barua rasmi: anwani mbili, tarehe, mtajo, kimalizio na sahihi. Mwishoni tulimwambia aikunje, aitie katika bahasha na kuifunga. Hatua hiyo ya mwisho imeanguka kutoka katika somo letu, na hakuna aliyetangaza kuwa imefutwa. Muhula ujao, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa tarakilishi wakae pamoja, wairudishe.